Risasi Hamsini za Mkwe

"Kwa miaka kumi na tisa hakuna risasi niliyoifunga kwa mikono hii ikakwama kwenye bastola," Bi Koleo alimwambia binti yake asubuhi ile, huku akifuta meza. Akafikiri kidogo. "Ukiacha ile ya mwaka wa mvua nyingi. Na zile za marehemu baba yako, lakini yule alipenda tu kulalamika."

Binti hakucheka. Alikuwa amesimama dirishani akimsindikiza mumewe kwa macho mpaka akapotea kwenye kona, mkoba wa ngozi begani. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na risasi hamsini, na ndani ya risasi zile hamsini mlikuwa na kazi.

Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa inatafuta mtu wa kuwafundisha walinzi wake shabaha na kuwatengenezea risasi za mazoezi. Sharti lilikuwa moja: mwombaji aje na risasi hamsini alizozifunga kwa mkono wake mwenyewe, azipige zote mbele ya mkuu wa uwanja wao wa shabaha. Shabaha mkwe alikuwa nayo ya kutosha. Angeweza kumpiga mbu na kukuuliza unataka bawa lipi. Kilichomshinda ni mashine ya kufungia risasi, ile ya mama mkwe. Mpini wake aliuvuta kama mtu anayegombana na mlango.

Ndipo Bi Koleo akamwambia, "Andika kwamba unajua, baba. Nitakufundisha." Lakini kila alipomkalisha mbele ya mashine, dakika ya pili alishamwondoa kitini akashika mpini mwenyewe. Hivyo hamsini zile zote zilipita mikononi mwa Bi Koleo. Kazi hii alifundishwa na marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyempa jina la Koleo, na si kwa sababu ya mashine. Hayo ni mambo ya chumbani, tuyaache.

Miezi minane sasa mkwe alikuwa hana kazi. Alikuwa ameshakitengeneza kitasa cha mlango wa uani mara sita, na kila akikitengeneza kinazidi kuwa kigumu. Binti alikuwa ameacha kumuuliza habari za kazi, na Bi Koleo alikuwa mzee wa kutosha kujua kwamba mke akiacha kuuliza, hapo ndipo pa kuogopa.

Alipomaliza meza aliinama kufuta mashine. Kidole chake kikagusa nati ya kile chuma cha tatu cha mashine, kile cha kubania midomo ya maganda. Nati ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

Bi Koleo akakaa chini.

Ganda la risasi, kabla halijapokea kichwa, hufunguliwa mdomo kidogo, utanuke kama tarumbeta. Kichwa kikishakaa, chuma cha tatu huurudisha ule mdomo ukumbatie. Usipobanwa vya kutosha, ukingo unabaki umetokeza, na bastola ile inayojijaza yenyewe inapoisukuma risasi ndani, risasi inashika kwenye mlango wa mtutu. Ukibanwa kupita kiasi nako ni balaa, kwa sababu ni ukingo wa mdomo huo unaoizuia risasi isipite mahali pake ndani ya mtutu. Mdomo ukizama kwenye kichwa, risasi yote inatumbukia mbali na pini haiigongi sawasawa. Kati ya kidogo na sana hapatoshi hata unywele wa mtoto.

Kwenye bakuli zilikuwa zimebaki risasi sita za ziada. Alitoa mtutu mkuukuu wa bastola iliyokwishakufa, ambao aliutumia kama kipimo. Ya kwanza aliidondosha, ikaingia na kugonga, tak. Akageuza mtutu, ikatoka yenyewe. Ya pili tak. Ya tatu ilisimama katikati ya mlango kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue. Ya tano nayo hivyo hivyo.

"Mama, unakwenda wapi na chupa?" binti aliuliza.

"Naenda kumpelekea mumeo maji ya kunywa."

"Kule kuna maji."

"Si maji ya nyumbani."

Alitoka na chupa mkononi, mguu mmoja una kiatu chake, mwingine una cha binti yake, na hakujua mpaka alipofika njia panda. Njia nzima alipiga hesabu. Sita zina mbovu mbili. Hamsini zina mbovu ngapi? Shule yake iliishia darasa la nne, lakini jibu lilikuja bila kuitwa, nalo lilikuwa baya. Alitaka kumwambia neno moja tu: zipime zote kwenye mtutu kabla hujazijaza. Maneno mafupi. Dakika tano zingetosha.

Mlinzi wa getini alimpeleka mpaka kwenye chumba kirefu kilichonuka baruti na rangi mpya. Mkwe alikuwa nyuma ya kioo, masikio yamezibwa, magazini ya kwanza ya risasi imeshaingia kwenye bastola. Bi Koleo alipunga mkono. Mkwe, kwa adabu zake zote, akainamisha kichwa kumwamkia mama mkwe, kisha akageukia shabaha.

Mkuu wa uwanja, mwanamke mrefu ambaye kila mtu alimwita Afande, alimsogezea kiti. "Shikamoo mama. Wewe ni nani wake?"

"Marahaba. Nimemzalia mke. Nimemletea maji."

"Amesema anafunga risasi zake nyumbani. Hazikusumbui hizo kelele za mashine?"

"Mimi? Mambo hayo siyajui, mwanangu. Hata bastola sijui inashikwa upande gani."

Alisema kwa sauti ya kinyonge iliyomfurahisha mwenyewe, na furaha ile ilidumu mpaka mlio wa kwanza. Kuanzia hapo alihesabu. Kumi zilipita. Alijikuta ameshika chupa kama anaikaba. Kumi na tano. Kumi na sita. Mkwe alivuta mara ya kumi na saba, na bastola haikusema kitu. Chuma chake cha juu kilikuwa kimeishia njiani, hakijafunga.

Afande aliingia, akamwekea mkwe mkono begani, akaichukua bastola na kuitoa risasi iliyokwama. Alipitisha ukucha kwenye mdomo wa ganda.

"Hii haikubanwa," alisema. "Nani aliifunga?"

"Mimi mwenyewe, Afande."

"Vizuri. Kukwama nasamehe. Nisichosamehe ni fundi asiyejua kwa nini imekwama." Alimtoa mkwe nyuma ya kioo hadi kwenye kona ya chumba, karibu na kiti cha Bi Koleo, penye mashine kama ile ya nyumbani, vyuma vitatu vimesimama juu yake vimefanana kama mapacha. "Chuma chetu cha kubania pia kimelegea tangu jana. Kiweke sawa, unifungie moja, na kazi ni yako."

Mkwe alivitazama vyuma vile vitatu. Kisha akapeleka mkono kwenye cha kwanza.

Bi Koleo, kwenye kiti chake, akakohoa.

Mkono ukahamia cha pili. Akakohoa tena. Ukafika cha tatu, na kifua cha Bi Koleo kikapona palepale. Mkwe akaanza kuzungusha kushoto, kikohozi. Akageuza kulia, kimya. Jasho lilimtiririka mkwe mpaka kidevuni. Kidogo tu, baba, alimwombea moyoni. Kidogo tena. Hapo. Akakohoa mara moja, kwa nguvu, na mkwe akaachia.

"Mama hajambo kweli?" Afande aliuliza bila kugeuka.

"Ni vumbi tu, mwanangu."

"Kunywa maji uliyoleta."

Bi Koleo akanywa. Afande akamsogeza mkwe pembeni kwa kiwiko, taratibu, akashika chuma cha tatu yeye mwenyewe. "Mimi naona bado," alisema, akakizungusha kulia robo nzima. Mkwe alitikisa kichwa kukubali. Angekubali hata kama angeambiwa akaze kwa nyundo. Afande akaongeza robo nyingine.

Bi Koleo alifumba mdomo. Alibana meno. Aliweka mtandio juu ya midomo na kiganja juu ya mtandio. Lakini robo mbili! Pale ganda lingekatika shingo. Kikohozi kilimtoka kupitia mtandio, kupitia kiganja, na nusu ya maji ya nyumbani kikaja nayo.

Afande hakumtazama mkwe. Alimgeukia yeye, mkono bado juu ya chuma.

"Nirudishe robo, mama?"

"Rudisha nusu nzima," alisema Bi Koleo, kabla hajakumbuka kwamba yeye mambo hayo hayajui.