Dume la Nyuma ya Banda

Tangu maua ya bangi yaanze kunata, Renna hakukalika. Umande haujakauka, yeye yuko shambani, anapita mstari kwa mstari akisaka mimea dume ya kung'oa. Bangi waliyolima yeye na baba yake ni ile isiyolevya. Maua ya majike ndiyo hukamuliwa mafuta ya dawa, na jike likiingiwa na chavua huacha mafuta likashika kuzaa mbegu. Mwenye kiwanda cha mafuta alikwisha kusema: jimbo zima la Kentaki limelima bangi, bei imeanguka, ua lenye mbegu hachukui hata bure. Na tumbaku iliyomlea Renna haikuwa na mnunuzi tena.

Asubuhi hiyo, karibu na banda la tumbaku, alibinya ua kwa ukucha. Kikatoka kipunje cha mbegu, cheupe, kichanga.

Akabinya la pili. La tatu. Madume si aliyang'oa yote?

Jibu alilikuta mezani. Baba yake, mzee Verlin, alikuwa akichovya mkate kwenye mchuzi wa soseji, bega la shati limejaa vumbi la manjano.

"Baba, umepita wapi?"

"Kwani siku hizi nimewekewa polisi?"

"Nipeleke."

Nyuma ya banda lilisimama dume moja, refu kumpita mzee, limefungiwa mti lisianguke.

"Baba! Unaniua!"

"Nakuua na nini? Huyu ndiye mwenye uzi mzuri. Wakati wa vita babu yako aliuza kamba za meli zilizosokotwa kwa nyuzi za madume kama haya. Wewe unayang'oa kama magugu!"

"Meli zenyewe sasa zinafungwa kwa nailoni!"

Upepo ukatikisa matawi, vumbi la manjano likatimka, wote wawili wakashtuka.

"Lete maji," alisema Renna. "Tulilowanishe kwanza, vumbi lisizidi kutimka."

Walilimwagia, wakalikata. Renna akatazama shamba.

"Tunavuna leo."

"Leo? Si ulisema mafuta hayajajaa?"

"Hayajajaa. Ila tukingoja, mbegu zitaenea shamba zima. Mafuta haba yana mnunuzi, mbegu hazina."

Mchana wote walikata na kutundika bandani, palipokuwa pakining'inia tumbaku. Kamba za dukani zikawaishia. Mzee akaketi kizingitini, akachuna ganda la dume lake, akalisokota, akalivuta kwa mikono miwili.

"Ona, binti. Haikatiki."

"Basi fungia hayo majike," Renna alijibu bila kugeuka. Alikuwa akibinya ua jingine.