Mke Mwenzangu Apimwa Moshi

Usiku wa kuamkia jana niliota mke mwenzangu amekuja kuniamsha, nimsindikize akapimwe moshi.

Asiyenijua asishangae. Mimi ni Mwanaesha, mjane wa Fundi Shekue wa hapa Malindi, na mke mwenza ninayemsema ni gari. Gari la mbio, la Kitaliano, jekundu, limelala chini hata paka hapiti uvunguni bila kuinama. Mwenyewe alikuwa Mtaliano mwenye hoteli. Alipofunga virago kurudi kwao alimpa mume wangu ufunguo, akamwambia, "Ukiliwasha, ni lako." Mume wangu akaliwasha. Likazima. Akaliwasha tena. Wakaishi hivyo miaka tisa.

Ugonjwa wake ulikuwa petroli kutofika. Na mume wangu, kama mafundi wote wa zamani, hakuwa na dawa nyingine ila mdomo. Huchomoa mpira wa mafuta, huutia kinywani, hupuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama, hutema, huurudisha. Ili asije mezani ananuka petroli, hutafuna karafuu. Kichwa cha karafuu hukikata kwa jino, kijiti hukitupa. Ua wangu wote vijiti vya karafuu! Nimefagia miaka tisa, wallahi, huku nanung'unika.

Asubuhi aliyokufa hatukuwa tukisemezana. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimtolea neno: "Lile gari ndilo mkeo, mimi ni mpishi wenu tu." Asubuhi nikampelekea chai bila sukari, makusudi, mtu atiaye vijiko vitatu. Akainywa yote, akasema ahsante, akatoka uani. Saa tatu nikamkuta ameegemea gurudumu, mpira uko mkononi, amekwisha. Moyo, walisema. Hakuniomba radhi wala sikumwomba. Miezi minne na siku kumi za eda nimekaa ndani na jambo hilo moja. Maji yakimwagika hayazoleki, waliniambia waliokuja kunipa pole, kana kwamba mimi silijui hilo.

Eda ilikwisha Ijumaa. Shemeji yangu Bwanaheri, mdogo wake marehemu, amepata mtu wa Nairobi anayelitaka gari, lakini haliendi popote mpaka lipimwe moshi na lipewe cheti. Siku ya kupimwa ilikuwa jana. Basi ndiyo nikaota.

Gari limesimama mlangoni mwa chumba changu, limejitanda leso ile ninayolifunika nayo uani.

"Mke mwenzangu," likasema, "amka. Tutakuta foleni."

"Ala! Na wewe eda yako imekwisha?"

"Ijumaa, kama yako. Si tulifiwa siku moja?"

Nikaona lina haki. Nikavaa buibui. Kuendesha sijui, hata baiskeli, lakini gari likasema kazi yangu ni kukaa tu, mengine litafanya lenyewe. Nikajikunja nikaingia. Tukapita ukumbini, tukapita jikoni nikafunga gesi, tukatokea barabarani.

Tuko barabarani. Hatuendi mbele wala nyuma, ni nyumba za watu zinazotupita. Jirani yangu Bi Mwanamvua anapita na nyumba yake nzima, yuko dirishani anachambua mchele.

"Mwenda wapi nyinyi wawili?"

"Kupima moshi."

"Poleni," akasema, na nyumba yake ikapita.

Mahali pa kupimia palikuwa kliniki. Magari yamekaa kwenye mabenchi, kila moja na kadi yake. Lori la mchanga linakohoa na kuomba radhi, linakohoa na kuomba radhi. Tuktuk changa inalia, haitaki kuingia, na mama yake anaipigapiga mgongoni. "Haiumi, mwanangu. Ni mrija tu." Pale ukutani wameandika: GARI LISILE CHOCHOTE KABLA YA KIPIMO. Nikaliuliza gari langu kama limekula. Likasema tangu msiba halijala.

Tukaitwa.

Mkaguzi alikuwa jiko la makaa. Limevaa koti jeupe, limekaa nyuma ya meza, linafuka moshi kupita magari yote yaliyomo, mpaka macho yakaniwasha.

"Na wewe nani anakupima?" nikauliza. Mimi huwa sinyamazi, hata ndotoni.

"Mimi nimeajiriwa," likajibu. "Sheria ni moja. Gari litoe kilicho chake. Kisicho chake kisitoke."

Likachukua mrija, ncha moja likaitia kwenye bomba la moshi, ncha ya pili kwenye mashine. Mashine yenyewe ilikuwa redio ya mume wangu, ile aliyokuwa akiitundika msumarini uani. Sikuuliza imefikaje. Redio ikakwaruza kidogo, na chumba kikajaa harufu ya karafuu. Nikashika meza.

"Gari lako lina mtu," likasema jiko.

"Mtu gani?"

"Fundi. Miaka tisa anapuliza humu, wewe ulidhani pumzi zinakwenda wapi? Zimeshika bomba lote, toka mbele mpaka nyuma."

"Kinaruhusiwa kiasi gani?"

Likafungua daftari. "Moshi wa gari, kiasi. Pumzi ya mtu, hakuna."

Mke mwenzangu akainamisha taa zake. Kuanzia hapo sikuweza tena kumwona kuwa ni gari tu. "Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nazima kila nikiwashwa. Tangu afe nimejibana, asije akatoka."

Lo! Miezi minne namsikia Bwanaheri akihangaika na ufunguo uani, gari linaguna na kufa, nami ndani najisemea, hata baada ya mwenyewe kufa halina adabu. Kumbe mwenzangu anamshika.

"Njia ni mbili," likasema jiko, na sauti yake haikuwa mbaya wala nzuri. "Mkimwacha ndani, gari halipiti, na lisilopita linapondwa, naye akiwa humo. Au tuliungurumishe mpaka atoke kabisa. Akitoka hakusanyiki."

"Atakwenda wapi?"

"Hewani. Moshi wote huenda hewani."

Nililia. Siku ya maziko sikulia hivi, kwa sababu siku ile bado nilikuwa na hasira naye, na kumkasirikia maiti ni mzigo ambao simwombei hata adui yangu. Lori la mchanga likaacha kukohoa kwa heshima.

"Mke mwenzangu," akaninong'oneza mwenzangu, "chini kabisa ya bomba kuna maneno ya asubuhi ile. Aliyasema akiwa na mpira mdomoni. Mimi niliyasikia."

"Ananilaumu?"

"Si yangu kuyasema."

"Niambie tu kama alinilaumu."

"Ulikuwa ukisema mimi ndiye mkewe," akasema. "Basi nawe leo kaa usikilize kama mke."

Jibu la haki, na lilinichoma. Nikajifuta kwa ncha ya buibui, nikaliambia jiko, "Ungurumisha."

Likaungurumisha. Redio ikaanza kumtoa mume wangu.

Kwanza kikohozi chake. Kisha bismillahi, moja kwa kila siku aliyojaribu kuliwasha, na jiko likazihesabu zote bila kukosea. Kisha tenzi alizokuwa akizivumisha puani, ambazo hakuujua hata mmoja mpaka mwisho. "Esha, nipe kitambaa." "Esha, jua hili, ah!" Na kila baada ya muda, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu barabarani: "Esha! Njoo uone, linawaka!" Hiyo ilitoka mara nyingi kuliko zote. Nilikuwa nikimjibu nikiwa jikoni, "Nimesikia." Sikwenda hata mara moja.

"Punguza kidogo," nikaliomba jiko. "Anatoka kwa haraka mno."

"Haiwezekani," likasema, likaandika.

Kufumba na kufumbua tuko uani kwetu. Ni asubuhi ile ile. Kikombe cha chai kiko juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitupu. Mume wangu hayupo, upo mpira tu, unaning'inia hewani pale ulipo mdomo wake. Jiko, redio, mke mwenzangu na mimi, sote tunautazama.

Redio ikasema kwa sauti yake, polepole:

"Chai ya leo haina sukari." Akacheka kidogo. "Amekasirika kweli, Esha wangu. Na ana haki. Ngoja niumalize mpira huu, nikamwombe radhi."

Ikafuata pumzi moja ndefu, ya kupuliza. Ikaenda, ikaenda, ikaisha. Baada yake ukatoka moshi wa gari tu, mweupe, mwepesi.

Nikapiga magoti nyuma ya gari, nikatia mdomo kwenye bomba. "Nimekuwia radhi!" nikapiga kelele. "Shekue! Na wewe niwie! Nilikunyima sukari makusudi!" Bomba likanirudishia sauti yangu mwenyewe, hakuna nyingine.

Jiko likagonga muhuri. "Limepita," likasema. "Anayefuata!"

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, kunguru wako juu ya mabati. Ndoto za mjane, nikajisemea, ukilala na huzuni utaamka nayo. Nikanawa uso, nikabandika chai, nikachukua ufagio nikatoka uani.

Gari liko pale pale, leso yangu juu yake. Nikafagia kama kila siku, toka mlangoni mpaka ukutani. Nilipofika nyuma yake nikasimama. Juu ya saruji, chini kabisa ya bomba la moshi, palikuwa na kijiti cha karafuu. Kichwa kimekatwa kwa jino. Nikakiokota. Kilikuwa bado kimelowa.

Niseme ukweli wangu. Ua huu naufagia kila siku, na tangu msiba sijaona kijiti hata kimoja. Nilivitafuta. Wiki ya kwanza ya eda nilipiga magoti nikavitafuta kwenye nyufa za saruji, mimi niliyenung'unika miaka tisa, nisipate.

Nilikifunga kwenye ncha ya leso niliyojifunga kiunoni, nikarudi jikoni. Nikatia sukari kwenye birika.

Saa moja Bwanaheri akaja, bahasha ya karatasi za gari kwapani, uso umemkunjamana.

"Shemeji, niombee dua," akasema. "Hili gari unalijua. Likiguna mara moja linazima. Sidhani kama litatufikisha kwenye kipimo, seuze kupita."

"Litapita," nikamwambia.

"Umejuaje?"

"Kunywa chai kwanza."

Akacheka, akasema atakunywa akishaliondolea leso, akaenda uani. Nikasikia mlango wa gari. Nikasikia ufunguo. Halafu nikasikia mngurumo, mmoja, laini, usiokatika, nami nimesimama na kikombe mkononi nikiungoja ukatike. Haukukatika.

"Shemeji!" akaita Bwanaheri, na kwa sauti alifanana na kaka yake mno. "Shemeji! Njoo uone, linawaka!"

Nikaweka kikombe chini, nikaenda.