Maoni ya Vidole Vinane

Alipokufa mara ya kumi na moja, Bi Mashuka alivua miwani, akaiweka kando ya kibodi na kuikodolea macho skrini kama mtu anayemtazama mgeni aliyemtukana ndani ya nyumba yake. Daraja lilikuwa limevunjika tena. Yule mwanamke mdogo mwenye kilemba chekundu, ambaye Bi Mashuka alikuwa akimwongoza tangu saa nane mchana, alikuwa ametumbukia tena bondeni pamoja na kikapu chake, na maandishi yale yale meupe yakatokea: Ongeza umakini. Jaribu tena.

"Umakini," alisema. "Kumbe mimi ndiye sina umakini."

Binti yake, aliyekuwa amejilaza kitandani nyuma yake, alijua kinachofuata. Akainuka, akachukua simu, akafungua ule ukurasa ambao wachezaji huandika maoni yao kuhusu gemu walizojaribu, akasubiri.

"Andika. Ubao unaovunjika unafanana na ubao usiovunjika. Hakuna ufa, hakuna mlio, hakuna rangi tofauti. Mchezaji hawezi kujua mpaka ameshaanguka, halafu anaambiwa hakuwa makini. Huu si mchezo mgumu. Ni mchezo mbovu, na aliyeutengeneza amejiandalia mtu wa kumtupia lawama."

Binti aliandika, kisha akauliza ampe nyota ngapi. Mama akasema asimpe hata moja. Binti akaeleza, kama alivyokwisha kueleza mara nyingi, kwamba ukurasa haukubali chini ya nyota moja.

"Basi mpe hiyo moja, ila andika kwamba nimelazimishwa."

Chini ya maoni likatokea jina ambalo watu wa ukurasa ule walimjua kwalo: Vidole Vinane.

Jina hilo halikuwa la utani. Kwa miaka ishirini na miwili Bi Mashuka alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, mashuka yakimpitia mikononi kutoka wodi zote: yenye damu, yenye dawa, yenye harufu ya watu waliolala muda mrefu. Alikuwa akiligusa shuka kwa kiganja tu na kukwambia limebakiza maji kiasi gani. Miezi minne iliyopita, saa mbili na robo asubuhi, mashine ya pasi namba mbili ilivuta shuka lililojikunja, na pamoja na shuka ikavuta mkono wake wa kulia. Kidole cha mwisho na jirani yake havikurudi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira laini wa kukamua. Alikamua wiki mbili, asubuhi na jioni, akajiona kama mtu anayemkamua ng'ombe asiye na maziwa. Alipolalamika, yule mtaalamu alicheka, akamwambia atafute kibodi; awe anaandika, au anacheza gemu, ilimradi vidole vilivyobaki vijifunze kazi ya vilivyoondoka. Binti akamletea kompyuta yake kuukuu. Akampakulia gemu tatu. Hakutegemea kwamba mama yake, mwenye miaka hamsini na minne, angemaliza zote tatu kwa wiki moja na kudai nyingine.

Wala hakutegemea kwamba angekuwa na ya kusema. Lakini mtu aliyekaa miaka ishirini na miwili akikagua kazi za watu hawezi kuacha kukagua. Gemu ya kilimo ilimchosha siku ya pili: mahindi yanaota bila palizi, mvua inanyesha kwa kubonyeza kitufe, na mkulima anaingia nyumbani jioni na shati jeupe. Alisema aliyeibuni hajawahi kushika jembe, na kama aliwahi basi alikuwa anapigwa picha. Gemu ya mkahawa ilimuudhi zaidi. Wateja wanaiva nyuso kwa hasira ndani ya sekunde kumi, mpishi anakimbizwa huku na huko, na sahani chafu zinatoweka zenyewe. Ya vita ndiyo iliyomfanya ashindwe kumaliza chai yake. "Nimeua watu mia tatu," aliamuru iandikwe, "na sijaulizwa niliowaua ni kina nani. Kisha nikapelekwa hospitali ya kambini, vitanda thelathini, majeruhi kila mahali, mashuka meupe pee. Naomba mtengenezaji anijibu swali moja tu. Nani anafua?"

Maoni hayo yalisomwa na watu mia nne. Wengine walicheka, wengine walisema hawakuwahi kuliona jambo hilo. Mmoja alimjibu kwa kiburi kwamba kama hawezi kucheza awaachie wenye vidole vyao. Bi Mashuka hakumtukana. Alimwandikia mwenyewe, herufi moja moja: "Funga viwili kwa kitambaa, cheza siku tatu, kisha uje tuongee." Yule mtu hakurudi.

Si kwamba alichukia kila kitu. Gemu ya kuendesha lori aliipenda. Barabara ndefu, mvua kwenye kioo, na hakuna anayekukaripia. Lakini aliinyima nyota moja kwa sababu taa na breki vilihitaji vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia, na vitufe havikuweza kubadilishwa. Gemu moja tu ilipata nyota zote tano, nayo ilikuwa gemu ya kupanga vigae, isiyo na chochote cha kustaajabisha. Kabla ya kuanza ilimuuliza: ungependa kutumia vitufe vipi? Alikaa akiliangalia swali lile kwa muda. Miezi yote ile, si hospitalini wala ofisini, hakuna aliyekuwa amemuuliza jambo linalofanana na hilo.

Siku mbili baada ya gemu ya daraja, ilikuja barua ya kumwita ofisini Jumatano, saa nne asubuhi, kuhitimisha suala la ajali yake.

Binti alitaka kumsindikiza. Akamkatalia, akavaa gauni lake la kijivu, akapiga pasi kitambaa cha kichwa kwa mkono wa kushoto, akaenda. Ofisini alimkuta afisa utumishi, mwanamke mgeni pale hospitalini ambaye walikuwa hawajawahi kuonana, na msimamizi wa chumba cha kufulia, mwanamume mrefu mwenye shati ambalo Bi Mashuka alijua limenyooshwa na nani. Msimamizi alimwamkia vizuri, akamuulizia mkono, akamvutia kiti. Kisha taarifa ikasomwa.

Taarifa ilisema ajali ilisababishwa na uzembe wa mfanyakazi. Ilisema mashine ilikuwa nzima. Ilisema shahidi, aliyekuwa akipokea mashuka upande wa pili, alithibitisha kwamba mhusika alikuwa akizungumza na kucheka muda mfupi kabla ya tukio. Mfanyakazi angerudi kazini Jumatatu, meza ya kuhesabia taulo, akishaweka sahihi.

Upande wa pili wa mashine namba mbili alikuwepo mtu mmoja tu: Mama Pacha. Miaka tisa walifanya kazi wakitazamana juu ya mvuke. Usiku ule Mama Pacha alipojifungua, Bi Mashuka ndiye aliyeshikwa mkono mpaka kucha zikaacha alama.

Msimamizi alikuwa na jingine. Alitoa karatasi mbili zilizochapwa kutoka ule ukurasa wa wachezaji na kuzitandaza mezani, kwa upole, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Alieleza kwamba alimtambua kwa jina na kwa lile swali la nani anafua, na kwamba amesikitika kugundua mfanyakazi wake anashinda akicheza gemu za watoto huku akiwa likizo ya ugonjwa. Aliona mambo mawili hapo: kwamba mkono umepona, na kwamba mtu wa namna hiyo si ajabu akili yake iwe mbali anapokuwa kwenye mashine.

Afisa utumishi alizisoma karatasi zile. Alisoma ya kwanza, akarudia kipande, akainua macho.

"Vidole Vinane ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Na gemu hizi umecheza zote?"

"Kumi na tisa. Kwa amri ya mtaalamu wa viungo, yuko jengo la pili, mnaweza kumpigia sasa hivi." Akaionyesha karatasi iliyokuwa mkononi mwa afisa. "Hiyo uliyoishika ni ya daraja. Ubao unavunjika bila dalili, halafu mchezaji anaambiwa hakuwa makini. Nimeandika kwamba kosa ni la aliyetengeneza daraja. Watu wamesoma, hakuna aliyebisha. Ile ni gemu, afisa. Ukianguka unaamka. Mimi sikuamka na vidole vyangu, na hapa ndipo mnaponiambia niongeze umakini?"

Afisa alimsogezea fomu. Chini kabisa, chini ya maneno Maoni ya Mfanyakazi, kulikuwa na mistari miwili. Msimamizi akasema si lazima kuijaza, watu wengi huweka sahihi tu.

Bi Mashuka aliichukua kalamu kwa vidole vitatu. Mwandiko wake ulikuwa umebadilika, herufi zilikuwa kubwa na zimelala, na ile mistari miwili iliisha kabla hajafika mbali. Akageuza karatasi, akaendelea nyuma. Aliandika kwamba mashine namba mbili ina kizuizi mbele ya rola zinazovuta shuka, na kwamba mkono ukikisukuma mashine inatakiwa isimame. Kwamba kizuizi hicho kilikuwa kikisimamisha kazi kila shuka linapojikunja, na kwa miezi saba kikafungwa kwa waya. Kwamba aliripoti mara tatu, na mara ya tatu akaambiwa kama anaogopa mashine akauze karanga. Kwamba ni kweli alikuwa anacheka asubuhi ile, na kucheka hakujawahi kumkata mtu kidole. Mwisho akaandika: Mashine hii isipewe mtu mwingine. Hapa hakuna anayenilazimisha kutoa nyota.

Afisa alisoma pande zote mbili. Kisha akamuuliza msimamizi kuhusu waya. Msimamizi akasema hakuna waya wowote, na kama wanamtilia shaka waende wakaone.

Wakashuka. Chumba cha kufulia kilikuwa vile vile, joto linalokushika shingoni ukivuka mlango, sakafu yenye majimaji, wanawake sita kwenye mashine. Walipomwona Bi Mashuka mikono ikasita. Mama Pacha alikuwa mahali pake. Aliinamisha uso kwenye shuka kama anayetafuta doa.

Waya haukuwepo. Kizuizi kilikuwa kimepakwa rangi ya manjano, kinang'aa, na pembeni pamebandikwa tangazo la kuwataka wafanyakazi wawe waangalifu. Msimamizi alisimama kando yake akiwa ametulia. Afisa aliitazama ile rangi mpya, akamtazama Bi Mashuka, na usoni pake shaka ikaanza kuhama upande.

Bi Mashuka aliona. Miezi minne hakuwa amekaribia rola zile, na sasa harufu ya kitambaa cha moto ilikuwa inamrudishia saa mbili na robo. Alipiga moyo konde. Akachukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani, akasogea, akaomba mashine isizimwe. Kwa ncha ya mpini akakisukuma kile kizuizi cha manjano.

Rola ziliendelea kuzunguka.

Akasukuma tena, kwa nguvu, mpaka chuma kikalia. Ziliendelea. Akasukuma kushoto, katikati, kulia, akikagua pole pole kama anayetafuta sehemu ambayo itakubali. Hakukuwa na sehemu. Walikuwa wameondoa waya na kupaka rangi kitu kilichokwisha kufa.

Msimamizi alianza kusema kwamba fundi alipita wiki iliyopita. Sauti nyingine ikamkatiza, ndogo, kutoka upande wa pili wa mashine.

"Hakupita fundi," alisema Mama Pacha. "Aliyepita ni mpaka rangi."

Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba yale maelezo ya ushahidi aliyakuta yameshaandikwa. Aliambiwa aweke sahihi, naye alikuwa na watoto wawili na mkataba wa miezi mitatu mitatu. Hakulia. Alisema yale mambo kwa mkupuo.

Afisa utumishi alinyoosha mkono mwenyewe na kuzima mashine. Afisa aliikunja ile fomu, akaitia kwenye jalada lake bila sahihi, akamwambia msimamizi waongozane juu. Namba mbili haitawashwa, alisema, mpaka yeye atakaposema. Hakusema itakuwa lini. Wala hakusema Jumatatu itakuwaje.

Lakini wodi zilikuwa zinasubiri. Kikapu kilikuwa kimejaa mashuka mabichi, na lifti ya saa sita ya kuchukua mashuka ilikuwa karibu kushuka. Wanawake wengine wakarudi kwenye mashine zao. Bi Mashuka alikuwa ameshageuka aondoke aliposikia kitambaa kizito kikivutwa kutoka kikapuni.

Mama Pacha alikuwa ameshika pembe mbili za shuka kwa mkono mmoja. Zile mbili nyingine alikuwa amezinyoosha mbele yake kwa mkono wa pili, hewani, akisubiri, macho yakiwa sakafuni. Shuka la kukunjwa kwa mkono linahitaji watu wawili. Kila mmoja anashika upande wake, wanalivuta likaze, kisha wanasogeleana mpaka pembe zikutane.

Bi Mashuka aliweka mkoba wake chini, mahali pakavu. Akazichukua zile pembe, moja kwa mkono wa kushoto, nyingine kati ya kidole gumba na viwili vilivyobaki. Akarudi nyuma hatua tatu. Shuka likainuka kutoka sakafuni, likanyooka kati yao, zito kwa unyevu. Mama Pacha aliinua macho.

Bi Mashuka akalivuta likakaza, akasimama pale pale, bila kusogea kukutanisha pembe.