Upepo wa Siku ya Kufua

"Alhamisi hakuna upepo, dada," alisema mdogo wangu, macho kwenye kompyuta, kama mtu anayesema chai imepoa.

Nilimrukia. Alhamisi ni mashindano ya kuteleza majini juu ya ubao, ukivutwa na tiara, na mshindi anaingia timu ya taifa. Mwakani nitakuwa nimepita umri! Kipima upepo kilicho karibu zaidi na ufuo ni chetu, juu ya paa, kwa hiyo mwamuzi alikuwa anasubiri utabiri wetu wa mwisho leo Jumatatu, saa sita. Upepo ukiwa mdogo, anafuta. Na saa tano na nusu ilishapita.

"Nimechanganya data za setilaiti na namba za paa letu, miezi minane," akasema. Ndiyo maana tunamwita Profesa. "Kila Jumatatu na Alhamisi, asubuhi mpaka jioni, upepo unakufa. Ona sasa hivi: kilomita sita kwa saa."

"Tangu lini upepo ukajua kalenda? Hebu chungulia nje!" Matawi yalikuwa yanachapa ukuta.

Nilimkokota hadi juu ya paa. Lo! Mama alikuwa anaanika mashuka ya nyumba yetu ya wageni, kamba tatu nzima, kuuzunguka mlingoti wa kipima. Mashuka yamefura, na nyuma yake kipima kinajizungusha kivivu.

"Mama, unafua siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi, kutwa: yakikauka haya, naanika mengine. Leo ndiyo mnajua?"

Profesa alishika kichwa. Alikifunga kipima Jumapili moja, miezi minane iliyopita, hakupanda tena paani. Angepandia nini, na nguo zake anafuliwa!

Nikavuta mashuka yote chini. Kipima kikavuma.

"Kumi na tisa... ishirini na sita... thelathini!" Profesa alipiga kelele, simu mkononi. "Nafuta data za saa zote za kufua, napiga hesabu upya!"

Saa sita kasoro dakika mbili tulimpigia mwamuzi. Alhamisi, saa nane mchana, kilomita thelathini.

"Mna uhakika? Asubuhi mliniambia hakuna kitu."

Mama akatunyang'anya simu. "Baba, mimi naanika hapa miaka ishirini. Alhamisi shuka halimalizi nusu saa, limekauka."

Nilisogeza sikio kwenye simu.

"Haya," akasema mwamuzi. "Alhamisi, saa nane."

Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mama hakucheka. Alituonyesha mashuka yaliyojaa vumbi, kisha akatuonyesha beseni.

Tuliyafua upya, mimi na Profesa. Shuka la kwanza lilikauka kabla hatujaanika la mwisho.