Turubai la Bi Mkubwa

Gari lenyewe liliitwa Bi Mkubwa, na jina hilo lilitoka kwa mama. Fundi alilinunua kabla hajaoa, likiwa gofu la gari la michezo lisilo na milango, na siku mama alipoletwa pale kama bibi harusi alilikuta limelala uani, chini ya paa zuri kuliko la chumba chake. "Kumbe mwenzangu amenitangulia," alisema. "Basi mimi ndiye mke mdogo." Miaka ikapita, watoto wawili wakazaliwa, injini ikabadilishwa, turbo ya kuizidishia pumzi ikaongezwa, giaboksi ikafumuliwa na kufungwa tena mpaka spana zikalalamika, na kati ya wake hao wawili hakuna aliyewahi kupewa talaka.

Asubuhi ya mashindano Fundi alipakia matairi ya akiba, jeki na sanduku la spana, kisha akatupia juu yake turubai la kijani, jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Binti yake, ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, akauliza turubai la nini na mbingu haina hata wingu.

Fundi alimtazama mdomo mpaka akamaliza. Siku hizi alikuwa na mazoea hayo.

"La kumfunika Bi Mkubwa," akasema. "Leo kuna gari la betri. Gari langu likishindwa na betri, nalifunika, na halifunuliwi tena. Nawe utafute kazi nyingine ya kufanya."

Chiriku akalisukuma turubai lile mpaka nyuma ya matairi. Alilipenda lile gari, na hakuona haya kulipenda. Alijua kila kelele yake, ya afya na ya maradhi. Kiti cha dereva kilikuwa cha kaka yake zamani; kaka alipoondoka yeye akakikalia, na tangu hapo hakuona kiti kingine duniani kilichomfaa. Na ubaya wa mambo, gari la betri lililokuwa likisubiriwa huko dereva wake alikuwa ni huyohuyo kaka.

Habari ya kaka ilikuwa hivi. Alipata kazi kwenye karakana ya magari ya umeme upande wa pili wa mji, akaondoka na begi lake asubuhi moja Chiriku akiwa amekwenda kutafuta vipuri. Fundi alisema kijana aliondoka bila hata kumuaga. Mama alipomfikishia kijana maneno hayo, kijana alicheka kicheko kisicho na furaha, akasema mzee anajua vizuri kilichotokea. Mama akaenda huku, akarudi kule, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo, mpaka akachoka. Miaka miwili sasa, hakuna salamu. Wanaume wawili wenye kiburi ni kazi kubwa kuliko injini mbili zilizokwama, kwa kuwa injini angalau unaweza kuipiga nyundo.

Mashindano yalifanyika kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kustaafu: njia moja ndefu ya lami, magari mawili ubavu kwa ubavu, anayetangulia kufika mwisho ndiye bwana. Zamani, kabla ya taa za kuanzia, alikuwapo mtu wa bendera, na mtu mwenyewe alipenda kupiga soga huku bendera iko juu. Fundi alichoka kumtazama. Akajifundisha kusikiliza: injini ya jirani ikibadili pumzi, ujue dereva wake amekwisha kuamua, na ukiwa na sikio jepesi unaondoka naye papo hapo. Watoto wake aliwafundisha hivyohivyo uani, wamefungwa vitambaa machoni, yeye akikanyaga mafuta na wao wakipiga kofi. Taa zilipoletwa, familia ile haikubadilika. Taa waliwaachia wageni.

Na sikio lile liliwalisha vizuri. Mchana ule Chiriku alipangwa kwanza na Daktari wa Meno, aliyekuja na gari jekundu kutoka ng'ambo, la fahari, lililoinama chini kiasi kwamba kila tuta la barabarani kwake lilikuwa mlima. Injini yake ilikuwa nyuma ya kiti, na ilipobadili pumzi Chiriku aliisikia kama mtu aliyemnong'oneza. Akaachia klachi. Mwisho wa lami gari jekundu lilikuwa bado liko njiani. Daktari alicheka na kumpa mkono, akionyesha meno ambayo, kusema haki, yalikuwa mazuri.

Ikabaki fainali, mbio tatu, na anayeshinda mbili ndiye bingwa.

Gari la kaka lilikuwa jeupe, halina bomba la moshi, halina hata mtetemo. Lilifika kwenye mstari likasimama, watu wakadhani limezima. Chiriku akavaa kofia, akashika gia, akategea sikio upande wa kushoto, akisubiri pumzi ya jirani ibadilike.

Aliisubiri sana. Alipoona kisogo cheupe kikiyeyuka mbele, ndipo akili ilipomjia kwamba taa ya kijani imekwisha kuwaka na watu wanapiga mayowe. Akakanyaga, lakini wa kukanyagiwa alikuwa amekwisha kwenda zake. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na yeye mshindo ule alikuwa ameusubiri kwa adabu zote.

"Dada, tukuletee mto?" mtu mmoja alipaza sauti kutoka uzioni, na uwanja mzima ukacheka.

Alirudi amevimba mashavu. Fundi alikuwa amefungua boneti na kuweka kiganja juu ya injini, ameinama, macho ameyafumba. Ufundi huo wa kiganja aliuanza miaka hii ya karibuni, na wateja waliusifu sana. Kuna mafundi wawili wa mtaa wa pili walioanza kuuiga bila kujua unatafuta nini.

Kaka akaja. Alitembea polepole, kofia mkononi, akasimama nyuma ya mgongo wa baba yake.

"Shikamoo baba."

Fundi hakugeuka.

Uso wa kaka ulibadilika, akamgeukia dada yake. "Basi nisikilize wewe. Unanisubiri ningurume. Mimi singurumi, mdogo wangu. Nilikulia uani mwenu pia, naujua ugonjwa huo. Tazama taa."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu kumshinda mtu aliyelala si ushindi." Akatupa jicho kwenye ule mgongo ulioinama. "Na mwambie mzee, salamu ni ya Mungu. Siku niliyoondoka hakuitikia, na leo pia." Akaondoka kwa hatua ndefu.

Chiriku alikuwa upande wa pili wa boneti, na uso wa baba yake aliuona vizuri. Fundi akinuna, pua hupanuka. Nyumba nzima wanaijua pua ile. Sasa haikupanuka. Ulikuwa uso wa mtu aliye peke yake.

Chiriku akachukua spana kubwa kuliko zote, akazunguka nyuma ya baba yake, akaiachia kwenye lami.

Mama aliruka na chupa ya chai. Daktari wa Meno, aliyekuwa mbali, aligeuka. Fundi aliendelea kuipapasa injini yake kama hakuna kilichotokea.

Chiriku alimgusa bega. "Baba," alisema, akihakikisha anamwona mdomo. "Tangu lini?"

Fundi aliitazama spana chini, akamtazama binti yake, na pua yake ikapanuka kidogo kwa kujaribu kununa. Kisha akakaa kwenye tairi la akiba.

"Mwaka wa tatu sasa. Lilianza sikio moja," akasema. "La pili likalifuata. Sasa mtu asiposimama mbele yangu, kwangu hayupo. Fundi wa kusikiliza injini, nitamwambia nani? Nikaanza kiganja."

"Na turubai?"

"Nilitaka sababu ya kuacha isiyokuwa masikio yangu."

Mama alikuwa amesogea mbele yake, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. "Kumbe miaka yote hii nakuita ule chakula, huji, nikadhani ni dharau!"

"Nyingine ilikuwa dharau," Fundi alikiri, na mama akacheka ndani ya kilio.

Chiriku akawaeleza alichokisema kaka, salamu ya leo na ile ya mwanzo. Fundi alisikiliza kwa macho. Alipoelewa alifunika uso kwa viganja vyake vyeusi vya grisi, na kwa muda hakuna aliyemgusa. Alipovitoa, alikuwa amepata kitu cha kusema.

"Sikio la kufa halisikii dawa. Langu limekufa, mimi bado. Wewe leo kaa kama mimi. Mama watoto, una pamba?"

Mama alichambua pamba kutoka kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza. "Mmekua nikiwasihi msitie pamba masikioni," alisema akimziba binti yake, "leo nawatia mwenyewe."

Kwenye mstari dunia ilinyamaza. Chiriku hakusikia injini yake wala watu. Aliihisi tu mgongoni, kwenye nyayo, kwenye kiganja kilichoshika gia, na akafahamu mahali baba yake alipokuwa akiishi siku hizi. Njano. Njano. Kijani. Akaondoka.

Gari jeupe lilimtangulia, kama yafanyavyo magari ya umeme, ambayo nguvu zake zote ziko mlangoni. Bi Mkubwa nguvu zake alizihifadhi ndani. Gia ya tatu turbo ikavuta, Chiriku akabanwa kwenye kiti, ubavu mweupe ukaanza kurudi nyuma taratibu, taratibu, na kabla ya mstari ukapotea dirishani. Mama, walimsimulia baadaye, aliirusha juu chupa ya chai.

Huko mwisho wa lami, wakigeuza, Chiriku alisimamisha gari dirisha kwa dirisha, akachomoa pamba.

"Kaka, baba hasikii."

"Najua hasikii. Hajawahi kumsikia mtu."

"Hasikii kabisa! Ni kiziwi. Nimeangusha spana nyuma yake hakushtuka. Siku ile ulimsalimia amekupa mgongo?"

Kaka aliushika usukani kwa mikono miwili. "Alikuwa ameingiza kichwa kwenye boneti," akasema mwishowe. "Nilisalimia mara mbili. Miaka miwili nimemnunia mtu ambaye hakunisikia." Akajifuta macho kwa glavu. Halafu akauliza, "Turubai nimeliona. Namjua mzee, mkishindwa atalifunika gari. Unataka nikuachie hii ya mwisho?"

Moyo wa Chiriku ulitaka. Mdomo ukawahi. "Ukiniachia, nakuvunjia hicho kioo."

"Basi sikuachii."

Na hakumwachia. Mbio ya tatu wote wawili waliondoka na taa, hakuna aliyelala, hakuna aliyesubiri. Bi Mkubwa alimfuata yule mweupe, akamshika kiunoni, akamshika begani, na lami ikaisha. Kaka alishinda kwa upana wa bampa.

Chiriku alirudi taratibu, akimpapasa Bi Mkubwa kwenye dashibodi. Fundi alikuwa amesimama na turubai mikononi, amelikunjua nusu.

Kaka alifika kabla yake. Safari hii alizunguka, akasimama mbele, karibu, jua likimpiga usoni.

"Shikamoo baba."

Fundi aliutazama mdomo ule. "Marahaba, mwanangu." Akausogelea zaidi. "Na siku ile ya begi?"

"Nilisalimia. Mara mbili. Na leo hapa, mara moja."

"Marahaba," Fundi akasema. Akavuta pumzi. "Marahaba. Na ya leo, marahaba." Turubai lilimponyoka, wakakumbatiana juu yake, na grisi yote ya baba ikahamia kwenye nguo nyeupe za mashindano.

Chiriku aliwaacha kidogo. Kisha, kwa kuwa ahadi ni ahadi, akaliokota turubai na kumpa baba yake. "Tumeshindwa, baba. Mfunike."

"Nani?"

"Bi Mkubwa. Ulisema."

Fundi alimtazama, na pua ile ikapanuka kweli. "Nilisema akishindwa na betri. Sikusema akishindwa na mwanangu. Wewe kesho asubuhi unamfungua giaboksi. Gia ya pili inakwaruza, nimeihisi nilipoweka mkono." Akamgeukia kaka. "Betri inapenda jua?"

"Haipendi, baba."

"Shikeni huku basi."

Wakalitandaza turubai la kijani juu ya gari jeupe, kila mmoja na pembe yake. Kabla ya kuifunika pua ya gari, Fundi aliweka kiganja kwenye boneti, akafumba macho, akangoja, akahamisha kiganja, akangoja tena.

"Hili nalo linapumulia wapi?" akauliza, na kaka akamshika mkono, akampeleka chini, karibu na gurudumu, mahali pa kuhisi.

Mama aliwatazama wote watatu wameinama, akaitikisa chupa yake iliyobonyea kuona kama imebaki chai.

"Haya," akasema. "Nimeletewa mke wa tatu, na huyu hata kusema hasemi."