Mcheza Ngoma wa Noti ya Java

Kila asubuhi, kabla madam hajaamka, Jerioth alipangusa noti kuukuu ya pesa iliyotundikwa sebuleni ndani ya fremu. Nyumba ilikuwa Al-Rawdah, Jeddah, na baba mwenye nyumba alipenda noti za kale kuliko watu, Mungu anisamehe. Hii ilitoka Java, enzi Waholanzi walipoitawala: pembeni maua ya batiki, katikati msichana mcheza ngoma mwenye taji, mkono mmoja juu. Maua yalikuwa na tabia ya kutambaa hadi ukutani. Jerioth aliyapunguza kwa mkasi wa jikoni, huku mgongo ukimuuma.

Mwezi ule madam alipoanza kuendesha gari mwenyewe, yule msichana wa kwenye noti alishuka akaja jikoni kuomba wali. Mbele alikuwa na rangi zote. Nyuma alikuwa karatasi nyeupe.

"Mafi mgongo? Huna?" Jerioth aliuliza, akimpakulia.

"Mzungu aliyenichora hakuona haja. Hata jina hakuniuliza. Mimi Sulastri."

Walielewana kwa Kiarabu cha jikoni. Sulastri alitaka kurudi kwao Java, Jerioth kwao Nyeri. Mkataba wa Jerioth ulikwisha tangu Ramadhani, lakini pasipoti anayo baba mwenye nyumba. Desemba bintiye Wairimu angetolewa mahari, afichwe kwa leso katikati ya wasichana wenzake ili bwana harusi amtambue, kama desturi ya kwao. Wairimu alisema hafunikwi na mkono mwingine ila wa mamake.

Habari zikatangazwa kwamba sheria zimebadilika, mfanyakazi ataondoka bila ruhusa ya kafili, yaani mwajiri wake. Jerioth aliimba akiosha sufuria. Kisha wakaongeza: isipokuwa wa majumbani. Jamani!

"Tumwombe baba pamoja," Sulastri akasema.

Wakasimama mbele ya baba, Sulastri amevaa abaya ya Jerioth kusitiri ule mgongo wa karatasi. Baba aliwasikiliza kwa adabu. Kumbe kulikuwa na makumbusho huko Java yaliyokuwa yakiomba kuazima ile noti kwa maonyesho. Akatia saini papo hapo. Karatasi za safari zikatoka siku ileile, na bima juu.

"Na Jerioth?" Sulastri aliuliza.

"Huyo ni mtu wa nyumba hii. Tunahamia Riyadh, nani atapika?"

"Baba, ni binti yangu," Jerioth akasema. "Mmoja tu ninaye."

"Baadaye, inshallah. Yalla, chai."

Sulastri aliondoka Alhamisi, akageuka kumpungia Jerioth mpaka mlango ukafungwa.

Desemba, Jerioth akiwa Riyadh, Wairimu alimpigia simu ya video kutoka Nyeri, akaiacha wazi, kisha akaenda kufunikwa na shangazi yake. Wasichana wakatoka, leso toka kichwani hadi miguuni, kimo kimoja wote. Jerioth alimtafuta wake. Hakumjua. Bwana harusi alimjua kabla yake, vigelegele vikapigwa.

"Jerioth!" madam aliita. Fremu tupu ya ile noti ilikuwa na vumbi.

Akaiweka simu mfukoni, akanyoosha mkono mmoja juu, akapangusa. Mgongo haukumuuma tena. Haukuwepo; nyuma alikuwa karatasi nyeupe.