Mbosnia wa Al Amerat

Jina lake la kuzaliwa ni Hafia, lakini tangu afariki mumewe hapakuwa na mtu Maskati nzima wa kumwita hivyo. Mumewe, Sleiman, mzaliwa wa Unguja, alikwenda kusomea uhandisi Umoja wa Kisovieti, akamkuta katika mji wa Uzhhorod, chini ya milima ya Karpati. Akamuoa, akaja naye Oman. Mama mkwe, Bi Khole, aliposikia jina la mkwewe alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Hafia! Si mwanamke asiye na viatu huyo, kwa Kiarabu?"

Akampa jina la Hajar, akamfundisha kusali, kupika boko-boko na kusema Kiswahili cha mjini Unguja. Yote hayo aliyapenda. Asilolizoea ni kuitwa Mrusi.

Yeye ni Mrusini. Warusini ni watu wachache wa milima ile, wana lugha yao, na kila serikali iliyopita juu yao iliwapa jina ilitakalo. Baba yake alizaliwa Chekoslovakia, akaitwa Mhungaria wakati wa vita, akafa Msovieti aliyeandikwa Mukraine, na maisha yake yote hakuhama kijiji.

Mjukuu wake Shurooq alipochumbiwa na Hatem, mwanawe Saud, baba wa binti, aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

"Mama, watu wa Hatem wanakuja. Wataulizia asili yetu. Nimeshawaambia wewe Mbosnia."

"Mbosnia! Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu Wabosnia ni Waislamu, watu wanawajua. Nikisema Mrusini, wanasikia Mrusi, tunaanza kuulizwa habari za vita na ukafiri. Wewe unajua mimi nimeitwa Mzanzibari mara ngapi kazini, na babu zangu wa upande wa baba wote ni wa Nizwa, humu humu Oman? Nisaidie. Kwa Shurooq tu."

Hafia alitaka kukataa. Lakini nyumba ni ya Saud, Al Amerat wanakokaa iko nyuma ya milima, gari haendeshi, na binti anayeolewa ndiye aliyemlea mikononi mwake. Akasema, "Haya."

Bi Fajr, mama yake Hatem, alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomponza Hafia. Alimshika mikono akasema, "Maskini, miaka yote hii huna wa kusema naye lugha yenu! Yuko daktari mmoja Mbosnia, Amra, anamtibu dada yangu. Harusini ntamleta."

Kuanzia siku hiyo Hafia hakulala vizuri. Alifikiria kusingizia ugonjwa, lakini Shurooq alilia: "Bibi, usipokuja wewe, nani atanipeleka jukwaani?" Alifikiria kusema kweli, akamwona Saud akizungumza kwa furaha na wakwe zake, akaghairi.

Sherehe ya wanawake ilifanyika ukumbini Ruwi. Hafia alishakaa mbele, amevaa mtandio wa hariri juu ya gauni, Bi Fajr alipofika na mwanamke mrefu wa makamo.

"Huyu Daktari Amra! Haya, semeni, sote tunataka kusikia."

Daktari alisalimia kwa lugha yake. Maneno yake yalifanana na ya Hafia kama wanavyofanana binamu. Nusu aliyaelewa, nusu yakampita. Wanawake walikuwa wamenyamaza, wanatabasamu, simu ziko juu. Hafia akavuta pumzi. Akasema kwa Kirusini, polepole, mbele ya wote:

"Mimi si Mbosnia. Mimi Hafia binti Vasil. Mimi Mrusini."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka hayo mbele ya watu Maskati, na watu wakasema mashaallah.

Daktari alimtazama. Akamtazama na Shurooq jukwaani, ambaye rangi ilikuwa imemtoka.

"Mnaelewana?" Bi Fajr aliuliza.

"Sana," daktari alijibu kwa Kiarabu. "Kama ametoka mtaani kwetu."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Hafia alifumbua mdomo ili aseme tena, mara hii kwa Kiswahili, ambacho wengi pale walikielewa, lakini daktari alikuwa amekibana kiganja chake kwa huruma, akidhani amemwokoa. Na kweli alikuwa amemwokoa. Hafia akafumba mdomo.

Ndoa ilikuwa ya heri. Bi Fajr alimpenda Hafia, akawa anamletea wageni, na wageni wakataka kuonja vyakula vya Bosnia. Basi Shurooq alikuwa akimtafutia mapishi kwenye simu, na Hafia, aliyewahi kupika supu ya uyoga kwa mikono ile ile, akajifunza uzeeni kukunja mikate ya kujaza nyama, chakula cha watu asiowajua.

Shurooq alipojifungua mtoto wa kike, Hatem alimtazama macho akasema, "Haya ya Kibosnia matupu!" Kila mtu akacheka. Shurooq naye alicheka, bila kumtazama bibi yake, kama mtu aliyekwisha sahau.

Hafia akaomba kumpakata kitukuu. Akamwinamia sikioni, akaanza kumweleza kwa lugha ya kwao: kijiji chao, jina la mama yake, wao ni nani. Mtoto alitulia, anasikiliza.

Bi Fajr aliwaashiria wengine wapunguze kelele.

"Mwachieni," alisema kwa mapenzi. "Anamfundisha Kibosnia."